Kwenda Kasarani Kutoka Jasho: Mwongozo kwa Anayeenda Mara ya Kwanza

Kila Mkenya anaijua Kasarani, uwanja mkubwa wa michezo wa Nairobi, ila wengi wanaijua kutokea vitini. Waliiona kwenye runinga Septemba 2021, Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika (na bado hakushinda, kwa sababu Mmarekani Trayvon Bromell alimpita kwa sehemu moja ya mia ya sekunde). Waliiona Papa Francis alipokutana na vijana Novemba 2015, waliona marais wakiapishwa pale, na Agosti 2025 waliona Morocco ikiilaza Madagascar 3-2 kwenye fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Lakini siku ya kawaida, pasipo mechi wala mkutano, unaweza kuingia na begi lako, ukalipia, ukaogelea katika bwawa la mita 50 kisha ukarudi nyumbani kupika chakula cha mchana. Siku hiyo ya kawaida ndiyo ninayoieleza hapa.

Kwanza ujue unakwenda wapi

Jina rasmi ni Moi International Sports Centre. Ilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, kwa msaada wa China. Kwenye michezo hiyo Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilifika fainali ya kandanda ikafungwa 1-0 na Misri. Mzee yeyote wa Nairobi akianza kukusimulia habari hiyo, vuta kiti, maana haishi upesi. Leo msimamizi ni Sports Kenya, shirika la serikali lililotokana na Sheria ya Michezo ya 2013.

Pale pana sehemu tatu ambazo mgeni huzichanganya. Upo uwanja mkubwa wenye nyasi na njia za riadha. Upo ukumbi wa ndani, unaochukua watu wapatao 5,000, ambako huchezwa voliboli, mpira wa vikapu, ndondi na kadhalika. Halafu lipo bwawa, lililo wazi chini ya jua, lina vikalio vyake na kidimbwi cha pembeni cha kupiga mbizi. Isitoshe kuna hoteli humo humo ndani. Kwa hiyo ukifika langoni ukamwambia askari kwamba umekuja Kasarani, hujamwambia kitu. Sema umekuja kuogelea, au umekuja mazoezi ya ukumbini, naye atakuonyesha njia. Eneo ni kubwa, na kutoka lango moja hadi bwawani ni matembezi ya kutosha kuwa ndiyo mazoezi yako ya kwanza.

Kuchagua siku

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa hili hugharimu nauli. Kasarani ni mahali pa umma, lakini ni pa umma wa namna nyingi: timu ya taifa ina haki yake, serikali ina haki yake, kanisa lililokodi lina haki yake, na wewe mwenye taulo begani uko mwisho wa foleni. Siku ya mechi kubwa au hafla ya kitaifa, malango hufungwa au yanaachwa kwa wenye vibali tu, na msongamano wa Thika Road huanza asubuhi. Tena kuna ukarabati. Uwanja ulifanyiwa matengenezo kabla ya CHAN, na kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania ndizo wenyeji wa AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, usishangae ukikuta mafundi.

Kwa hiyo piga simu kabla ya kutoka, au muulize mtu aliyekuwa huko juzi. Usiulize tu kama wamefungua, maana jibu la swali hilo huwa ni ndiyo hata kama kilichofunguliwa ni ofisi. Uliza kama bwawa lina maji leo na watu wa kawaida wanaruhusiwa. Uliza saa za kuanza na kufunga. Uliza pia kama kuna shule au klabu iliyokodi njia za kuogelea, kwa sababu unaweza kulipa kiingilio kamili kisha ukajikuta umebanwa kwenye kona moja pamoja na watoto arobaini wa darasa la nne.

Asubuhi ya siku ya kazi ndiyo bora kuliko zote. Maji yametulia, waliomo ni wachache na wengi wao wanajua wanachofanya. Jumamosi alasiri na siku za likizo za shule, bwawa hugeuka kuwa sherehe. Ni raha kama umekuja na watoto, ni karaha kama umekuja kuhesabu mita. Julai na Agosti ni miezi ya baridi Nairobi, na bwawa la wazi halina pa kujificha. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, nenda asubuhi, kwa kuwa mvua nyingi hunyesha kuanzia alasiri.

Begi lako

Kwa anayeenda ukumbini au kukimbia, orodha ni fupi: raba, kaptula au suruali ya mazoezi, fulana ya pili ya kubadilisha, taulo dogo, maji. Raba za ukumbini ziwe na soli isiyoacha alama nyeusi sakafuni. Njumu usizivae ukumbini hata kwa utani.

Bwawani ndiko kuna mambo. Kostumu ya kuogelea ni lazima, na mabwawa mengi ya umma hukataa kabisa nguo za pamba: fulana, bukta ya ndani, dera, suruali ya jinzi iliyokatwa magotini. Nguo za pamba hunyonya maji zikawa nzito mwilini, na nyuzi zake huziba machujio ya bwawa. Wanawake wanaotaka kujisitiri wavae vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima, lililoshonwa kwa kitambaa hicho hicho cha kuogelea, na wengi huvaa hivyo bila kuulizwa. Ukiwa na wasiwasi, ulizia kwenye ile simu ya kwanza.

Kama utanunua mtumba, kwenye soko la Gikomba zipo nyingi na nzuri, ila jua kuzikagua. Ishike kostumu kwa mikono miwili, ivute kwa upana, iinue dhidi ya jua. Kitambaa kilicholiwa na klorini huonyesha vijiuzi vyeupe vya mpira vilivyochomoza kama nywele, na ukikiachia hakirudi haraka, kinabaki kimelegea. Kikiwa kikavu dukani huonekana kizima. Kikilowa kitakuwa uwazi mtupu mbele za watu. Tazama hasa sehemu ya makalio na mishono ya mapajani. Muuzaji atakuambia ni ya kigeni, ya daraja la kwanza. Wewe endelea kuvuta.

Ongeza kofia ya kuogelea, na usidhani ni ya kuzuia nywele zisilowe. Kazi yake ni kuzizuia zisizagae majini na kukupunguzia klorini. Mwenye rasta au nywele za kusuka azilowanishe kwanza kwa maji ya bomba, kwa kuwa nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazinyonyi sana maji ya bwawa, kisha avae kofia kubwa ya silikoni iliyotengenezewa nywele nyingi. Miwani ya maji si anasa. Bila hiyo utaogelea macho yamefumbwa na utagonga mtu. Halafu taulo, ndara, sabuni, mafuta ya kujipaka kwa sababu klorini hukausha ngozi ikawa na ukungu, mfuko wa plastiki mzito wa nguo mbichi, na kufuli dogo lako mwenyewe endapo kuna makabati. Pete, mkufu na saa ya thamani viache nyumbani.

Kufika

Kutoka katikati ya jiji panda matatu yoyote ya Thika Road: za Githurai, za Kahawa, za Ruiru, hata za Thika kama utingo amekubali kukushusha njiani. Mwambie mapema kwamba unashuka stadium, na umkumbushe ukiona mnakaribia Safari Park Hotel, kwa sababu dereva akishika njia ya katikati ya barabara kuu ndiyo basi, mtaonana na uwanja kwa dirishani. Matatu za Mwiki hupita barabara ya upande mwingine wa uwanja, na kwa baadhi ya watu zinafaa zaidi.

Ukitoka mjini, matatu ya Thika Road itakushusha upande wa kushoto, na uwanja uko kulia. Vuka kwa daraja la waenda kwa miguu. Utaona watu wakiruka vizuizi vya katikati wakiwa na mabegi ya mazoezi mgongoni, wanakimbilia afya. Barabara hiyo ina njia nyingi na magari yake hayana subira.

Langoni na kwenye malipo

Utakaguliwa. Fungua begi mwenyewe, salimia, sema unakwenda sehemu gani. Chupa za kioo na pombe usibebe.

Bei sitaziandika, kwa maana hubadilika na zinatofautiana kwa mtu mzima na mtoto, na kwa anayeingia mara moja na anayelipia mwezi. Jambo la kushika ni namna ya kulipa. Huduma za serikali Kenya sasa hulipiwa kupitia eCitizen, nambari ya kulipia 222222, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na M-Pesa yako ina salio. Akitokea mtu akakuambia umpe noti mkononi ili akupitishe haraka, mwombe risiti. Akikosa risiti, umejua yeye ni nani. Weka ujumbe wa malipo usiufute hadi utoke, unaweza kuulizwa tena kwenye mlango wa bwawa.

Kama unapanga kwenda zaidi ya mara moja kwa juma, uliza malipo ya mwezi kabla hujalipa ya siku. Watu hulipa ya siku kwa miezi mitatu mfululizo kwa kuona haya kuuliza.

Majini

Oga kwanza. Wengi huona ni kupoteza wakati, mtu anakwenda kulowa na anaambiwa alowe. Sababu ni kwamba jasho, mafuta na mkojo hukutana na klorini vikatoa ile harufu kali inayowasha macho. Bwawa linalonuka sana klorini mara nyingi ni bwawa lenye uchafu mwingi wa miili. Sabuni na dakika mbili chini ya bomba, basi.

Kisha simama ukingoni, usiingie. Tazama maji. Sakafu ya bwawa na mistari yake meusi inapaswa kuonekana wazi hata upande wenye kina kirefu. Ikiwa maji ni ya kijani au yana ukungu kiasi kwamba huoni chini, usiingie hata kama umelipa, kwa sababu mtu akizama humo hakuna atakayemwona. Tafuta mwokoaji yuko wapi na kama anatazama bwawa au simu yake. Soma kina kilichoandikwa ukingoni. Hili bwawa lilijengwa kwa mashindano, halifanani na la hoteli ulilozoea lenye ngazi na sehemu ya kukaa na soda. Usichukulie kwamba kila unapochoka utatua nyayo chini.

Sasa neno kwa ndugu zetu wa Pwani. Aliyejifunza kuogelea baharini, Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja, hufika bwawani akijiamini, na mara nyingi ana haki ya kujiamini. Lakini maji ya chumvi humbeba mtu. Maji ya bwawa hayana chumvi ile, kwa hiyo miguu inashuka, kiuno kinashuka, na ile namna ya kuogelea kichwa juu ukitazama mashua inakuchosha baada ya mita 20. Ongeza kwamba Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pumzi haitoshi kama kule nyumbani. Ongeza baridi ya maji. Mambo hayo matatu yakikujia pamoja katikati ya bwawa la mita 50, hofu huja haraka. Dawa yake ni rahisi: siku ya kwanza ogelea sambamba na ukingo, mkono ukifika popote, na ugeuke nusu njia. Weka uso majini, toa pumzi humo humo kwa mapovu ya polepole, geuza kichwa pembeni kuvuta hewa. Ukiinua kichwa mbele kila mara, miguu itazama tu, upige mateke utakavyo.

Mita 50 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kuvuka mara 20 ni kilomita moja, na anayeanza hahitaji kilomita. Vuka mara moja, pumzika hadi uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, vuka tena. Fanya hivyo kwa nusu saa halafu toka ungali na nguvu.

Kama njia zimegawanywa kwa kamba, kila njia ina mwendo wake. Tazama walio majini kwa dakika moja uone ni wapi wanakwenda kasi yako. Mkiwa wawili, gawaneni, kila mtu upande wake. Mkiwa zaidi, mnazunguka: kwenda upande mmoja wa mstari, kurudi upande wa pili, wote mwelekeo mmoja. Ukipumzika, jibanze kona ili wengine wapate ukuta wa kugeukia. Mtu akikugusa unyayo, anaomba kupita. Mwache apite mkifika ukutani. Njia ya mwanariadha anayejifua kwa mashindano usiingie kumpima nguvu, hasa akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kwa maana atakupita na hatakuonea huruma.

Kidimbwi cha kupiga mbizi ni cha waliofundishwa. Usikitumie kupima kina, na usipande jukwaa kwa ajili ya picha.

Ngurumo ikisikika, toka majini hata kama hakuna tone la mvua, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Msuli ukikaza, usipambane nao: geuka chali, elea, piga maji kwa mikono kuelekea ukingoni. Na ukiona mwenzako ameacha kusonga, kichwa kimelala nyuma, mdomo unagusa maji na hasemi kitu, huyo anazama. Watu hutegemea makelele na mikono inayopunga, lakini anayezama hana pumzi ya kupiga kelele. Mwite mwokoaji, mrushie au mnyooshee kitu, taulo, fimbo, boya, chochote. Usimrukie kama hukufundishwa, atakushika shingo mzame wawili.

Kama hujui kuogelea kabisa

Njoo hivyo hivyo. Kwenye mabwawa haya kuna makocha, na utawajua kwa filimbi na kwa jinsi wanavyotembea ukingoni bila ndara. Kabla ya kukubaliana bei, uliza ofisini kama mtu huyo anatambuliwa pale, kisha ukae umtazame akifundisha mwingine. Kocha mzuri hukupeleka kwa mpangilio: kwanza kupuliza mapovu ukiwa umeshika ukingo, kisha kuelea kifudifudi na chali, kisha kuteleza kwa kujisukuma ukutani, kisha mateke, ndipo mikono. Anayekushika tumboni siku ya kwanza akakuambia piga maji, au anayekusukuma kwenye kina kirefu ati utajua mwenyewe, tafuta mwingine. Mtu mzima asione haya. Nusu ya wanaojikunyata kwenye kona ya kina kifupi saa nne asubuhi ni watu wa miaka arobaini waliokulia bara mbali na maji.

Mwanamke anayetaka kufundishwa na mwanamke aseme wazi. Kuna siku utaambiwa rudi kesho, lakini kesho yenyewe hupatikana.

Watoto

Mtoto asiyejua kuogelea awe mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa, wala usimtazame kutoka vikalioni ukiwa na simu. Maboya ya mikononi ya kupuliza ni mchezo, hutoka, hupasuka, na humpa mtoto ujasiri asiostahili. Mpeleke msalani kabla ya kuingia. Mwenye kuhara majuzi abaki nyumbani, hata akilia.

Baridi humwingia mtoto upesi kuliko wewe. Utaona akina mama wazoefu: wana leso mbili, moja ya kumfunga mtoto mara atokapo, nyingine ya kukalia, wana chupa ya chai yenye tangawizi na mandazi kwenye karatasi. Mtoto anatoka meno yakigongana, anafungwa kama mzigo, anapewa andazi, na baada ya dakika kumi anaomba kurudi majini. Waige. Midomo ikibadilika rangi, siku imekwisha, hata kama kiingilio kinaruhusu hadi jioni.

Picha piga za wako. Bwawani kuna watoto wa watu wakiwa nusu uchi, na wazazi wao hawakukuomba kuwarekodi.

Kukimbia na ukumbini

Njia za riadha za uwanja mkubwa, zile za Omanyala, hazifunguliwi kwa kila apitaye. Wanariadha wa klabu huingia kwa mpangilio maalumu, na wewe ukitaka uombe ofisini. Ukiruhusiwa, fuata adabu: njia za ndani ni za wanaokimbia kwa kasi na saa mkononi, anayetembea au kukimbia polepole akae nje, na kabla ya kuvuka tazama wanakotokea wakimbiaji: kushoto ukiingia ndani, kulia ukitoka. Raundi moja kwenye njia ya kwanza ni mita 400. Kila njia unayosogea nje huongeza mita saba na nusu hivi, kwa hiyo aliye njia ya nane anazunguka zaidi ya mita 450. Kumbuka hilo kabla ya kujilaumu kwamba mwendo wako umeshuka. Wasiopata uwanja hukimbia kwenye barabara za ndani ya eneo hilo, ambazo asubuhi mapema hazina magari mengi.

Ukumbi wa ndani hutegemea ratiba ya timu. Malkia Strikers, timu ya taifa ya voliboli ya wanawake, wakiwa kambini, ukumbi ni wao, nawe kaa utazame mazoezi kama umeruhusiwa, utajifunza mengi kuliko ungecheza. Kunyanyua vyuma ni hadithi ile ile ya kila jimu: uliza mtumishi akuonyeshe mashine mara ya kwanza, panguza benchi ulilolilalia, rudisha uzito mahali pake. Kama lengo lako ni vyuma tu, sioni sababu ya kusafiri hadi Kasarani. Jimu ya mtaani kwako itakufaa zaidi. Safari hii inalipa kwa sababu ya bwawa.

Baada ya hapo

Oga tena kwa sabuni, kausha masikio kwa kuinamisha kichwa kila upande, jipake mafuta. Kostumu isuuze kwa maji safi na uianike kivulini, usiikamue kwa nguvu wala kuisahau kwenye mfuko hadi kesho, maana hapo ndipo zile nyuzi nyeupe huanza. Kula ndani ya saa moja, njaa ya kuogelea haina mfano. Kando ya barabara wapo wauza mayai boilo na smokie (soseji) zenye kachumbari, na ndizi mbivu hazikosekani. Mlo mzito uutimize saa mbili hivi kabla ya kuogelea, au baada, lakini usiingie majini na ugali uliotoka kuula.

Nyumba ikiwa upande wa Lang'ata, Kibra au South B, kumbuka Nyayo, uwanja uliofunguliwa 1983, nao una bwawa la mita 50 na uko karibu zaidi na mjini. Taratibu ni zile zile, na msimamizi ni yule yule.

Kikundi

Chama, kanisa, darasa au timu ya mtaa haifiki tu pale ikiwa watu thelathini. Andikeni barua kwa Sports Kenya mapema, mkitaja sehemu mnayotaka, tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya watu na ni watoto wangapi. Taja kama mtakuja na basi, kipaza sauti au chakula, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa na masharti yake. Ulizeni waokoaji wangapi watakuwepo kwa idadi yenu, na mteue watu wenu wasioogelea kabisa siku hiyo ambao kazi yao ni kuhesabu vichwa. Bebeni sanduku la huduma ya kwanza. Mkikubaliwa, mlipe kwa njia rasmi na mpewe jibu kwa maandishi. Toeni nakala mbili za jibu hilo, moja ibaki kwa kiongozi na nyingine kwa dereva wa basi, maana askari wa zamu ya asubuhi huenda si yule aliyeambiwa mnakuja.